Msalaba Wenye Jina Langu

Mume wangu alikuwa fundi wa kuandika. Karibu kila herufi iliyopakwa rangi pale Kisegi, ufuoni mwa Ziwa Victoria, kuanzia duka la dawa hadi choo cha soko, ilipita mkononi mwake, na usiponiamini tazama chini kwenye pembe ya kulia. Utakuta jina lake dogo, limejibana kwa haya mithili ya mtu anayepita mbele ya boma la wakwe. Aliandika vibao vya vinyozi, aya za Biblia juu ya milango ya makanisa, na majina ya boti. Na aliandika misalaba. Huko watu huzikwa nyumbani, na kila kaburi jipya husimikwa msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, wenye jina la marehemu kwa rangi nyeusi. Seremala alituletea misalaba mitupu, mume wangu akairudisha ikiwa na wenyewe. Kuna miezi tuliyokula kwa misalaba peke yake, na hatukuona ajabu yoyote.

Mimi si mtu wa huko kwa kuzaliwa. Kwetu ni upande wa Isebania, Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, kwa Wakuria, na nilipoolewa Kisegi sikujua Kijaluo hata cha kuombea maji. Ndiyo maana nyumba yetu iliongea Kiswahili, na ndiyo maana mpaka leo mama mkwe wangu huniita Nyar Migori, yaani binti wa Migori, utadhani nimefika jana kununua omena, dagaa wa ziwani, na gari likaniacha. Nina ulimi mkali. Aligundua hilo mapema, nami nikagundua kwamba wake haukuwa butu.

Tulijaliwa mtoto mmoja, msichana. Alipoanza kutembea ndipo alipoanza kutumbukiza vidole kwenye makopo ya rangi, nami nikaanza kupiga kelele. Baba yake hakupiga kelele. Alichukua brashi iliyochakaa, akaikata mpini ili uenee kwenye mkono mdogo, akampeleka ufuoni alikokuwa akiandika boti.

"Nje ya boti ni ya mwenye boti," akamwambia. "Ndani ni yako."

Basi mtoto akaingia ndani ya boti, akachora. Alichora samaki wenye miguu, kuku wanaovua kwa nyavu, jua lenye meno. Mara ya kwanza kuona samaki wa miguu nilimuuliza hiki ni nini, na mume wangu akanivuta pembeni.

"Usimuulize mtoto hii ni nini. Ukiuliza hivyo unamwambia haifanani na kitu. Muulize inafanya nini."

Nikarudi nikamuuliza. Samaki alikuwa anaenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe ili asibebwe kwenye beseni. Kuanzia siku hiyo niliuliza hivyo tu, na mtoto hakuwahi kukosa jibu. Wavuvi nao walinung'unika mwanzoni, kisha wakaanza kuomba. Mmoja alishikilia kwamba samaki wetu wa miguu ndiye anayewaita mbuta kwenye nyavu zake, akataka achorewe mke. Mtoto akamchora mke mwenye viatu vya kuchuchumia, na baba yake akacheka hadi akakaa chini kwenye mchanga.

Alikatazwa jambo moja tu, kugusa misalaba. "Hiyo si ya watoto," baba yake alisema, na hakueleza zaidi. Ile iliyoharibika, ambayo mbao ilipasuka au jina halikuenea, iliegemezwa ukutani nyuma ya jikoni, ikingoja kuwa kuni.

Maumivu ya baba yake yalianza wakati wa palizi. Nashikilia wakati huo kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake: ilikuwa palizi, mahindi yakiwa yananifika magotini, na mume wangu akaanza kutembea ameshika ubavu. Homa Bay hospitalini wakasema ni ini, na kwamba lilianza kuharibika zamani, kabla yeye mwenyewe hajahisi chochote. Akarudi nyumbani, akalala, na kazi ikalala naye. Misalaba mitupu ikarundikana sebuleni. Waliofiwa walikuja kuulizia, wakachungulia chumbani, wakamwona alivyo, wakasema hapana haraka. Niliwaambia waende Ndhiwa, kuna fundi mwingine.

Binti yetu wakati huo alikuwa gredi ya tatu. Aliiona ile misalaba, akamwona baba yake, akaamua kumpunguzia kazi. Alikwenda nyuma ya jikoni akachukua mmoja ulioharibika, akaupaka rangi nyeupe, akauacha juani ukauke, akapiga mstari kwa uzi uliosuguliwa makaa, yote kama alivyoona yakifanywa tangu azaliwe. Kisha akaandika jina. Majina aliyoweza kuyaandika kwa brashi bila kunakili popote yalikuwa mawili, lake na la baba yake, lile la kwenye pembe ya kulia. Akachagua la baba yake. Kwake yeye hilo ndilo jina linalowekwa kwenye kazi iliyotoka vizuri.

Nilikuwepo alipouleta kitandani ameukumbatia. Baba yake akalisoma jina lake. Halafu akacheka, na kilikuwa kicheko cha kweli, maana najua vicheko vyake vyote.

"Ona herufi zilivyosimama," akasema. "Hakuna hata moja imelewa. Sasa inafanya nini?"

"Inakusaidia kazi," mtoto akajibu.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia na uji. Hakuuangusha. Aliuweka chini polepole, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akauchukua msalaba, akatoka nao hadi jikoni, akaukanyaga ukavunjika, akautia kwenye moto. Rangi ya mafuta ikiungua hutoa moshi mweusi unaowasha macho. Mtoto alisimama mlangoni akitazama jina la baba yake likifura na kutoa mapovu.

"Umemwandika baba yako!" bibi yake akapiga kelele. "Mtu anapumua, wewe unamwandika kwa msalaba! Hii ni kwero! Unaletea hii boma chira!"

Kwero ni mwiko. Chira ni ugonjwa unaomla mtu taratibu hadi amalizike, kwa sababu ya mwiko uliovunjwa na yeye au na mtu wake. Binti yangu alikuwa anayajua maneno hayo yote mawili, kwani hakuna mtoto wa huko asiyeyajua.

"Mama, wachana na mtoto," mume wangu aliita kutoka chumbani. "Mimi ndiye nilimfundisha." Sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika jikoni.

Alikufa baada ya mavuno.

Matangani mama mkwe alimlilia mwanawe siku nzima, amekaa chini ya turubai miguu ameinyoosha, na katikati ya kilio akalisema mbele ya wanawake wote: mjukuu wangu alimwandika. Mmoja alimtazama mtoto, kisha wa pili, kisha wote. Sikumchukia yule mama kwa kulia. Alikuwa amemzaa, mimi nilikuwa nimeolewa naye tu, kama walivyopenda kunikumbusha. Lakini nilitamani kumziba mdomo kwa leso yangu, na nisingekuwa mjane siku hiyo ningefanya hivyo. Siku ya maziko msalaba ulifika umeandikwa na yule fundi wa Ndhiwa. Ulipopitishwa mbele yetu binti yangu aliliona jina lile, jeusi juu ya nyeupe, vilevile kabisa, akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

Baada ya siku chache aliniletea ile brashi yake fupi. Alikuwa ameiosha kwa petroli na kuifunga kwenye kitambaa. "Weka mbali," akasema. Nilidhani ni huzuni, na huzuni ina msimu wake. Nikaiweka juu ya kabati.

Muhula ulipofunguliwa mwalimu wake akanipigia simu, nikaenda shuleni. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye subira, akanionyesha rundo la karatasi za sanaa.

"Mama, shida si kuchora peke yake," akasema. "Kuna wazazi wanachorea watoto nyumbani, najua, naona mkono wa mtu mzima na bado napeana alama. Lakini huyu ananiletea karatasi safi, haina kitu. Na jina haandiki. Hata kwa hesabu, hata kwa kitabu yake, haandiki jina. La mwenzake haandiki, lake haandiki. Mimi ndiye namwandikia. Sasa nitamwandikia mpaka lini?"

Ndipo nilipojua ukubwa wa jambo lenyewe. Mtoto wangu alikuwa akitembea duniani akiamini kwamba mkono wake unaua.

Nilimkalisha, nikamweleza. Nilimwambia maumivu yalianza wakati wa palizi, msalaba ukaja baadaye. Nilimwambia daktari alisema ini liliharibika zamani, hata kabla yeye hajajua kushika brashi. Alinisikiliza vizuri sana, akaitikia kila mahali panapostahili kuitikiwa.

"Lakini alikufa," akasema.

Nilijaribu njia nyingine. Nilimnunulia krayoni, zikakaa kwenye boksi lake na ncha zake zote. Nilimpeleka ufuoni kuona boti zake, na mvuvi mwenye samaki wa miguu akamkimbilia kwa furaha, akamwambia jua na mvua vimemtoa samaki rangi, mbuta hawaji, amchoree mwingine. Mtoto akanishika sketi. Nilimpeleka kwetu Migori wakati wa likizo, kwa dada yangu, ambapo watoto hukaa mtoni asubuhi hadi jioni wakifinyanga ng'ombe wa udongo, na nikajiambia udongo hauna herufi, hapo ataweza. Alikaa pale ukingoni na binamu zake, akawatazama, amekalia viganja vyake. Dada yangu akaniuliza kama mtoto anahisi baridi. Nilikwenda nyuma ya tanuri la kukaushia tumbaku nikalia peke yangu, kwa hasira zaidi ya huzuni.

Tuliporudi Kisegi nilikwenda moja kwa moja kwa seremala, nikamwambia anitengenezee msalaba.

"Pole sana," akasema. "Nani tena?"

"Hakuna. Ni wangu."

Akaweka randa chini. Alinitazama namna watu wanavyomtazama mjane aliyeanza kuongea na kuku, akakataa katakata. Mwishowe alinipa mbao mbili na misumari, kwa sharti kwamba hakuniona.

Nilizipigilia mwenyewe uani, mchana kweupe, siku ya Jumamosi, binti yangu akiwa amekaa kwenye mlango wa jikoni. Nilipaka nyeupe. Ilipokauka nikachovya brashi kwenye kopo jeusi, nikaandika jina langu, lote, kuanzia la ubatizo hadi la baba yangu. Mimi si fundi. Herufi zilipanda mlima, zikateleza, nyingine zikapandana migongo.

"Mama, unafanya nini?" Alikuwa amesimama.

"Najiandika. Tuone kama rangi inaua mtu."

Nikauegemeza msalaba pale pale nyuma ya jikoni, jina likiangalia nje. Mama mkwe alitoka kwenye nyumba yake, hapo hapo bomani, akauona. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, tena nilikuwa na majibu mazuri kabisa. Hakupiga kelele. Alikaa chini ardhini, pale alipofika, akasema taratibu, "Nyar Migori, nimezika mmoja. Unataka nikuzike na wewe?"

Kuanzia siku hiyo binti yangu akawa ananilinda. Alfajiri nilikuwa nikihisi kiganja chake mbele ya pua yangu, akisubiri pumzi. Nikikaa kimya sana nikichambua omena, aliniita bila sababu. Nilimjibu kila mara, hata mara ya kumi. Kisha masika yakaja, nikapata malaria, homa kali yenye kutetemesha meno, na sitaidanganya nafsi yangu hapa: niliogopa. Nilikuwa nimesoma, tena nimebishana na kila mtu, na bado, nikitetemeka chini ya blanketi, niliuona ule msalaba kupitia ukuta. Mtoto alikataa kwenda shule. Alikaa miguuni pangu, hataki kula. Basi niliamka. Nilimeza dawa, nikajifunga leso kiunoni, nikasonga ugali nikiwa nimeshika ukuta kwa mkono mwingine, mbele ya macho yake, nikaula, nikatapika, nikala mwingine.

Nilipona. Wiki zikapita, nami nikazidi kuwa mtu wa kupika, kugombana na kukohoa kwa moshi, hai kabisa. Nikaanza kumwona akipita nyuma ya jikoni bila kukimbia. Siku moja alisimama mbele ya msalaba, akapinda shingo.

"Mama, herufi zako ni mbaya," akasema.

Nilikwenda kujificha chumbani ili asione furaha yangu. Nilijiambia amevuka.

Lakini mama mkwe naye alikuwa ameona nimepona, na mtu aliyefiwa na mwanawe anahitaji sababu yake ibaki imesimama. Walikuwa wakipukuchua mahindi pamoja, yeye na mjukuu wake, nami sikuwepo. Yaliyosemwa niliyajua jioni iliyofuata, mtoto alipotoka shule, akavua viatu, akaja nilipokuwa nikisugua sufuria.

"Mama, ile rangi nyeusi iko wapi?"

Nilimwonyesha, nikapanda kiti nikamshushia brashi yake kutoka juu ya kabati, nikamfungulia kitambaa. Rangi ilikuwa imeganda juu. Akaitoboa kwa msumari, akaongeza thina, akakoroga kwa kijiti bila haraka, mkono wa baba yake kabisa. Akaenda kwenye msalaba. Nilidhani anakwenda kunirekebishia herufi. Alipiga mstari kwa uzi na makaa, chini ya jina langu, mahali palipobaki peupe, akaandika herufi ya kwanza. Ilisimama vizuri. Haikuwa ya jina langu. Ilikuwa ya kwake.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Dani alisema wewe haiwezi kukushika," akasema. Dani ni bibi. Hakugeuka. "Alisema chira ya hapa haikujui, juu wewe si wa damu ya hapa. Mimi ni wa hapa. Sasa nataka kujua."

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake. Aliona. Alikuja mbio, leso ikaanguka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniita kwa kunisihi. "Nyar Migori! Mnyang'anye hiyo kitu! Mnyang'anye mtoto, nakuomba! Mimi nilisema tu! Nilisema tu!"

Na mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Mimi, niliyemwomba seremala msalaba wangu mwenyewe, niliyewaambia watu wote Kisegi kwamba rangi ni rangi, nilikuwa nimenyoosha mkono kumpokonya mtoto wangu brashi, maana lile lilikuwa jina lake, na ndiye niliyebaki naye. Nikajua pia, palepale, kwamba nikimpokonya atakuwa amepata jibu lake, na hataandika wala kuchora chochote tena hadi azeeke.

Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Mama mkwe akaja akakaa kando yangu, akalia bila sauti, nikamwegemeza bega, kwa sababu sikuwa na mkono wa kumpa.

Mtoto aliandika. Herufi ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara aliipangusa brashi kwenye mdomo wa kopo kabla ya kuendelea, kama alivyofundishwa. Zilipobaki mbili alisimama, akageuka, akanitazama mimi badala ya msalaba.

"Mama, unaogopa?"

"Ndiyo," nikasema. "Sana."

"Hata mimi," akasema, akachovya brashi, akamalizia.